MOTO UBAKI NYUMBANI: JE, MWANGA WA LEZA UNAWEZA KUSUKUMA CHOMBO CHA ANGANI?



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu wapenzi na wazazi watukufu, makala hii ni deni. Katika darasa la jioni, tulipokuwa tukiwaeleza wanafunzi habari za Ibn al-Haytham na vioo vyake, mwanafunzi mmoja mdogo alinyoosha mkono akauliza: "Ustadh, ni kweli wako watu wanaotaka kurusha roketi kwa tochi?" Darasa zima likaangua kicheko. Na haki isemwe, sisi walimu nasi tulicheka. Mtoto akainamisha kichwa, wala hakuuliza tena siku ile.

Usiku tulipofungua vitabu tukaona haya. Mtoto alikuwa amesikia jambo la kweli, ila alikosea neno moja tu: si tochi, ni leza. Kwa kuwa tulimcheka mbele ya wenzake, tumeona tumjibu mbele ya wote. Hebu basi tulitazame jambo lenyewe hatua kwa hatua: nini kinakusudiwa, nini kimekwisha kufanyika, na nini bado ni hesabu katika karatasi.

ROKETI HUENDAJE?

Fikiria umekaa katika ngalawa kwenye maji yaliyotulia. Huna kasia, huna tanga, lakini una rundo la mawe. Ukilitupa jiwe kwa nguvu upande wa nyuma, ngalawa itasogea kidogo mbele. Ukitupa la pili, itasogea zaidi. Roketi hufanya hivyo hivyo, isipokuwa "mawe" yake ni gesi ya moto inayotoka kwa kasi kubwa mkiani. Haihitaji hewa ya kusukumia, na ndiyo maana huweza kwenda mahali pasipo na hewa.

Sasa angalia mambo mawili. La kwanza, mawe yote lazima uyapakie mwenyewe kabla ya kuondoka, nayo yanailemea ngalawa. La pili, kadiri unavyolitupa jiwe kwa kasi zaidi, ndivyo unavyohitaji mawe machache kwa safari ile ile.

Mtu aliyeliweka jambo hili katika hesabu ni Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule wa Urusi ambaye masikio yake yalikuwa mazito tangu utotoni. Alichapisha hesabu hiyo mwaka 1903, kabla binadamu hajarusha chombo chochote angani. Tuichukue kwa mfano. Ili chombo kiizunguke dunia bila kuanguka kinahitaji mwendo wa karibu kilomita 8 kwa sekunde, na kuna nguvu nyingine inayopotea kwa mvutano wa dunia na upinzani wa hewa. Tuseme jumla ni kilomita 9 kwa sekunde. Injini bora zinazochoma haidrojeni na oksijeni hutoa gesi kwa kasi ya kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Hesabu ya Tsiolkovsky inasema kwamba kwa kila kilo moja itakayofika juu, kilo 7.4 lazima ziondoke ardhini. Zaidi ya kilo sita ni za kuchomwa tu! Na katika ile kilo moja iliyofika, toa uzito wa matangi na injini, ndipo ubaki na mzigo.

Lakini kama gesi ingetoka kwa kasi maradufu, yaani kilomita 9 kwa sekunde, zingehitajika kilo 2.7 tu badala ya 7.4. Tofauti hiyo ndiyo inayowakosesha usingizi wahandisi wa roketi.

Roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969, ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900 ilipokuwa ardhini. Karibu sehemu tisa kwa kumi za uzito huo zilikuwa mafuta na oksijeni ya kuyachomea. Ni kama msafiri aliyebeba kuni gunia tisa ili apike gunia moja la mchele.

KWA NINI MOTO WA KAWAIDA UNA KIKOMO?

Roketi ya kawaida hubeba vitu viwili kwa pamoja ndani ya mafuta yake: moto, na kitu cha kutupa nyuma. Haidrojeni ikiungua na oksijeni hutoa joto, na moshi wake ni mvuke wa maji. Mvuke huo ndio unaotupwa nyuma.

Hapa pana vikwazo viwili. Kwanza, mafuta yana kiasi chake cha joto kilichomo ndani yake, na huwezi kuyalazimisha yatoe zaidi. Pili, mvuke wa maji ni mzito. Molekuli moja ya maji ina uzito wa mara tisa ya molekuli ya haidrojeni. Katika joto lile lile, chembe nyepesi hukimbia kuliko nzito, na kwa tofauti hiyo ya mara tisa, haidrojeni hukimbia mara tatu zaidi ya mvuke. Kwa hiyo kitu bora cha kutupa nyuma ni haidrojeni peke yake. Lakini haidrojeni bila oksijeni haiungui. Nani basi ataitia joto?

Jibu la wataalamu tunaowazungumzia ni hili: moto ubaki nyumbani. Mtambo wa kutoa joto ukae ardhini, joto lenyewe lipelekwe kwa mwanga, na chombo kibebe haidrojeni tu.

KUTOKA KIOO CHA KUUNGUZA HADI LEZA

Wengi wenu mmewahi kushika lenzi ya kukuzia na kukusanya jua juu ya kipande cha karatasi mpaka kikatoa moshi. Jua halikuongezeka. Mwanga uliotawanyika umekusanywa mahali pamoja, basi.

Elimu hii ni ya zamani, na waandishi wa Kiarabu wana sehemu kubwa ndani yake. Ibn Sahl wa Baghdad, katika miaka ya 980 ya Miladia, aliandika kitabu juu ya vioo na lenzi za kuunguza, na ndani yake aliieleza kwa usahihi kanuni ya kupinda kwa mwanga unapoingia katika kioo. Baada yake akaja Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040. Pamoja na Kitab al-Manazir, kitabu chake mashuhuri juu ya mwanga na kuona, aliandika pia juu ya vioo vya kuunguza, na akaonyesha kwa hesabu umbo la kioo linalokusanya miali yote mahali pamoja. Umbo hilo ndilo linalotumika leo katika madishi ya setilaiti yaliyoko juu ya mapaa yetu, na ndilo linalokusudiwa kuwekwa katika chombo cha angani kinachopokea leza.

Ama leza yenyewe, ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, tarehe 16 Mei 1960, kwa kutumia kijiti cha yakuti nyekundu. Mwanga wa tochi ni wa rangi nyingi na husambaa upesi, hata hatua mia moja mbele umekwisha nguvu. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, mawimbi yake huenda kwa mpangilio mmoja kama askari wa gwaride, na mwali wake husambaa kidogo sana. Kwa sababu hiyo unaweza kubeba nguvu nyingi hadi mbali.

JOTO LINAINGIAJE KATIKA GESI?

Zipo njia tatu kubwa zilizofikiriwa.

Njia ya kwanza ni ya sufuria. Leza inapiga bamba lenye mifereji myembamba, bamba linapata moto, na haidrojeni inayopita ndani ya mifereji inachemka na kutokea mkiani. Ni njia nyepesi kuielewa, lakini kikomo chake ni bamba. Likizidi joto, linayeyuka.

Njia ya pili ni kuipasha gesi yenyewe bila sufuria. Mwali unakusanywa kwa kioo mpaka katikati ya chumba cha injini, na hapo haidrojeni inapata joto la zaidi ya nyuzi 10,000 na kuwa plazma, yaani gesi ambayo elektroni zimeachana na atomi zake. Plazma hiyo ikishawaka hunywa mwanga wa leza na kuendelea kuwaka. Hakuna chuma kinachoweza kuigusa. Kwa hiyo haidrojeni ya baridi hupitishwa pembeni ili iwe kama pazia baina ya moto na kuta.

Njia ya tatu ni ya mapigo. Leza inawaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde, na kila pigo linalipua hewa iliyo chini ya chombo, au linachoma tabaka jembamba la kitu kigumu kama plastiki. Kila mlipuko mdogo ni teke moja la kukisukuma chombo.

Msomaji makini atauliza: kwa nini kujisumbua na gesi? Kwani mwanga wenyewe hausukumi? Ndiyo, unasukuma, lakini kidogo mno. Leza ya megawati 100, yaani nguvu ya birika za umeme 50,000 za kilowati 2 zikiwaka kwa pamoja, ikipiga kioo na kurudi, itakisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 70 hivi. Nguvu hiyo hiyo ikitumika kupasha haidrojeni mpaka itoke kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, hata nusu yake ikipotea njiani, bado itasukuma kwa nguvu ya uzito wa zaidi ya kilo 300. Hivyo gesi kidogo inaugeuza mwanga dhaifu kuwa msukumo wa maana.

NINI KIMEFANYIKA MPAKA SASA?

Mwaka 1972, mwanafizikia wa Marekani Arthur Kantrowitz aliandika makala akipendekeza vyombo vipelekwe angani kwa leza zilizoko ardhini. Wakati ule leza zenye nguvu ya kutosha hazikuwepo, na wengi waliliona jambo hilo kama ndoto.

Baada ya miaka mingi, Leik Myrabo na wenzake walitengeneza kitu kidogo cha mviringo, chenye upana wa sentimita 12 na uzito wa gramu 50 hivi, uzito wa yai la kuku. Tarehe 2 Oktoba 2000, huko White Sands, uwanja wa majaribio wa jeshi katika jimbo la New Mexico, leza ya mapigo yenye nguvu ya kilowati 10 ilikirusha kitu hicho mpaka urefu wa mita 71. Kiliruka kwa sekunde 12.7, kikizunguka kama pia ili kisipinduke. Mita 71 ni urefu wa mnazi mara tatu au nne. Lakini kumbukeni kwamba hakikubeba injini wala moto. Moto wake ulikuwa chini.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, nchini Kanada, walichapisha usanifu wa safari ya kwenda Mirihi. Leza ya megawati 100, iliyoundwa kwa leza nyingi ndogo zilizounganishwa katika eneo la upana wa mita 10, ingebaki duniani. Chombo kingefungua kioo chepesi cha kujazwa gesi ili kipokee mwali na kuupeleka kwenye haidrojeni. Kwa hesabu yao, mzigo wa tani moja ungefika Mirihi kwa siku 45.

Linganisheni na safari za kweli. Chombo cha Umoja wa Falme za Kiarabu kiitwacho Al-Amal, yaani Tumaini, kiliondoka Julai 2020 na kufika Mirihi tarehe 9 Februari 2021. Chombo cha Marekani, Perseverance, kiliondoka tarehe 30 Julai 2020 na kutua tarehe 18 Februari 2021. Vyote vilichukua karibu miezi saba.

Hapa tunaomba wanafunzi wetu waweke mstari chini ya jambo hili. Mita 71 ni tukio, lilipimwa. Siku 45 ni hesabu, bado haijafanyika. Mtu mwaminifu katika elimu hachanganyi mambo hayo mawili, hata kama habari ingependeza zaidi ikichanganywa.

VIKWAZO NI VIPI?

1. Mwali husambaa. Hata leza bora kabisa haikwepi tabia hii ya mwanga. Leza ya upana wa mita 10, chombo kikiwa umbali wa kilomita 50,000, doa lake litakuwa na upana wa mita 12 hivi. Chombo kikifika umbali wa mwezi, doa litazidi mita 90, na nguvu nyingi itapita pembeni. Kwa hiyo chombo lazima kimalize kuongeza mwendo kikiwa bado karibu na dunia.

2. Hewa haitulii. Nyota humetameta kwa sababu hewa inacheza juu yetu. Mwali wa leza nao utachezeshwa vivyo hivyo, na lazima urekebishwe mara nyingi kwa kila sekunde. Mawingu nayo huuzuia kabisa.

3. Umeme. Leza haigeuzi umeme wote kuwa mwanga. Ili upate megawati 100 za mwanga, lazima utie umeme mwingi zaidi, na unaobaki unakuwa joto la kupozwa.

4. Kupiga breki. Mirihi hakuna leza ya kukisimamisha chombo. Kinachofikiriwa ni kukipitisha katika hewa nyembamba ya Mirihi ili ikipunguze mwendo, nayo ni kazi ya hatari kwa chombo kinachokwenda kasi namna hiyo.

5. Haidrojeni yenyewe. Ili iwe kimiminika lazima ipozwe mpaka nyuzi 253 chini ya sifuri, na tangi lake huwa kubwa kwa sababu kimiminika hicho ni chepesi mno.

KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO?

Baadhi ya wazazi watasema: sisi tuna shida ya maji na ada, Mirihi ina nini? Ni neno la haki, na hatulipuuzi. Lakini yapo mambo mawili yanayomhusu binadamu popote alipo.

La kwanza ni uhai wa wasafiri. Kipimo kilichokuwa ndani ya chombo Curiosity, katika safari yake ya Mirihi ya mwaka 2011 na 2012, kilionyesha kwamba mionzi njiani ni karibu milisiviti 1.8 kwa siku. Mtu wa kawaida duniani hupata milisiviti 2.4 hivi kwa mwaka mzima kutokana na vyanzo vya asili. Atakayekaa njiani miezi saba atapata karibu milisiviti 380, na wa siku 45 atapata karibu 80. Ni kweli kwamba tani moja ni ya mizigo, si ya kupeleka watu. Lakini ikiwa siku moja watu watakuwa huko na mashine ya kuwapa hewa ikaharibika, kipuri cha kufika kwa siku 45 na kipuri cha kufika kwa miezi saba ni vitu viwili mbalimbali. Mmoja ni msaada, wa pili ni rambirambi.

La pili ni amani. Leza inayoweza kupasha moto chombo kilicho umbali wa maelfu ya kilomita inaweza pia kuunguza setilaiti ya jirani. Mkataba wa anga za juu wa mwaka 1967 ulikataza kuweka silaha za nyuklia na za maangamizi katika mzunguko wa dunia, lakini haukutaja leza. Itifaki ya mwaka 1995 ilikataza leza zilizotengenezwa kwa ajili ya kupofusha macho ya watu, lakini setilaiti haina macho ya kutetewa na itifaki hiyo. Kwa hiyo swali la nani ataushika mtambo kama huu, na nani atamsimamia, ni zito sawa na swali la uhandisi. Kisu kinachochuna mnyama hospitalini hupasua uvimbe na barabarani huua. Chuma ni kile kile, mkono ndio tofauti.

TAHADHARI NA NASAHA

Wanafunzi wetu, zile leza ndogo zinazouzwa madukani kama vitu vya kuchezea si mchezo. Usimulike mwenzako machoni hata kwa mzaha, wala usimulike ndege au dereva wa gari. Nguvu yake ni ndogo, lakini lenzi ya jicho huikusanya kama ile lenzi ya kukuzia inavyokusanya jua, na nyama ya nyuma ya jicho ikiungua hairudi. Wazazi, tunawaomba mtusaidie katika hili.

Ama nasaha ya mwisho ni kwetu sisi walimu kwanza. Kantrowitz alikuwa na wazo ambalo vifaa vyake havikuwepo. Tsiolkovsky aliandika hesabu ya safari ambayo hakuiona. Ibn al-Haytham alichora miali ya mwanga bila kujua kwamba itakuja leza. Hakuna hata mmoja wao ambaye swali lake lingepita darasani bila mtu kucheka.

Kwa hiyo tunamwambia yule mwanafunzi wetu, naye anajijua: mwanangu, ulikuwa karibu na haki kuliko sisi. Roketi hairushwi kwa tochi, lakini iko iliyorushwa kwa mwanga, nayo ilifika mita 71. Utuwie radhi kwa kicheko kile. Na darasa likifunguliwa tena, insha'Allah, nyoosha mkono wako uulize la pili.

Wabillahi tawfiq.